Somo: Manenosiri yakae kwenye Google/iPhone au kwenye programu ya pembeni?

Wakuu, wengi wanauliza ipi ni salama zaidi: kuacha manenosiri yatunzwe na Google au Apple, au kuweka programu ya pembeni kama Bitwarden na 1Password. Mimi ningeanza na swali jingine. Simu ikikuponyoka kwenye kivuko cha Kamanga ikaenda chini, kesho yake utaingiaje kwenye akaunti zako? Ukishajua jibu, kuchagua ni kazi ndogo.

Hatua ya 1: Hakikisha barua pepe ni yako kweli

Hapa ndipo wengi wetu tunaumia. Mtu anakwenda steshenari kuomba mkopo wa HESLB au kujisajili Ajira Portal, hana barua pepe. Kijana wa kwenye kompyuta anamfungulia palepale, anaweka namba yake mwenyewe ili ujumbe wa uthibitisho uje haraka, nenosiri analiandika kwenye daftari la wateja. Wala hana nia mbaya, ana foleni tu. Lakini akaunti iliyozaliwa hivyo haiokolewi na programu yoyote, kwa sababu mwenye barua pepe ndiye anayeweza kubadili karibu kila nenosiri lililosajiliwa nayo.

Ingia kwenye akaunti yako ya Google, sehemu ya Usalama. Toa namba ngeni uweke yako, ondoa vifaa usivyovitambua, badili nenosiri, washa uthibitishaji wa hatua mbili. Kisha chukua misimbo mbadala (backup codes), ya kukuingiza kwenye akaunti simu isipokuwepo: inatoka 10, kila mmoja unatumika mara moja. Iandike kwenye karatasi, karatasi uiweke nyumbani pamoja na vyeti. Usiipige picha ukaiacha kwenye simu hiyohiyo, itazama nayo.

Hatua ya 2: Angalia unatumia vifaa gani

Una Android na Chrome, basi? Baki na Kidhibiti cha Manenosiri cha Google. Ni bure, na ukinunua simu nyingine ukaingia na akaunti ileile, kila kitu kinarudi. Mwenye iPhone na Mac ana iCloud Keychain, hifadhi ya manenosiri ya Apple, na tangu iOS 18 ya 2024 amewekewa programu kamili inayoitwa Passwords.

Tabu inaanza ukichanganya: iPhone mfukoni, Windows ofisini, Android ya mtoto nyumbani. Inawezekana kuunganisha, ila utachoka. Hapo Bitwarden inafaa zaidi, na toleo lake la bure halibani idadi ya vifaa wala manenosiri.

Hatua ya 3: Nani anajua PIN ya kioo chako?

Hili halizungumzwi vya kutosha. Manenosiri ya Google au Apple kwa kawaida yanafunguliwa kwa kufuli lilelile la kioo. Ukimwachia fundi pale Makoroboi simu na PIN yake "ajaribu tachi", umemwachia na kabati la ndani. Programu ya pembeni inaweza kuwa na nenosiri lake tofauti. Kwa iPhone, tangu iOS 17.3 kuna Stolen Device Protection. Ukiiwasha, ukiwa mbali na sehemu zako za kawaida manenosiri yanataka uso au kidole, PIN peke yake haitoshi.

Programu ya pembeni nayo si ngome. LastPass, nayo programu ya aina hii, walivamiwa mwaka 2022, wezi wakaondoka na nakala za hazina za wateja. Manenosiri yalikuwa yamefichwa, lakini anwani za tovuti zilisomeka wazi, na aliyeweka nenosiri kuu (lile linalofungua programu yenyewe) jepesi alibaki kwenye hatari ya kukisiwa polepole. Nenosiri kuu liwe refu: maneno manne au matano yasiyohusiana, tena ya Kisukuma ukitaka, lisiwe jina la mtoto na mwaka.

Hatua ya 4: Kuhama

Toa manenosiri kama faili la CSV, liingize kwenye programu mpya, jaribu akaunti mbili tatu, kisha lifute, na kwenye kapu la taka ulifute pia. Faili hilo halina kufuli lolote, kila kitu kinasomeka. Usilifanyie steshenari, usijitumie WhatsApp. Mwisho, kwenye mipangilio chagua huduma moja tu ya kujaza kiotomatiki, vinginevyo zitagombana.

MASWALI YA WANACHAMA

Mjukuu wa Nansio: Mkuu, huku Ukerewe mtandao unakatika. Bitwarden itafunguka?

Jibu: Ukishaingia, nakala inabaki kwenye simu na unaisoma bila intaneti, kuongeza vitu vipya subiri mtandao. Ukitaka isiyotegemea intaneti kabisa, KeePassDX ya Android inatunza faili kwenye simu yako. Ila bakapu ni juu yako: nakala iwe pia kwenye flashi, maana hakuna kampuni ya kuirudisha.

Mama Dagaa Kirumba: Kaka, mimi na binti yangu tunatumia akaunti moja ya TRA ya biashara. Huwa namtumia nenosiri kwa meseji.

Jibu: Dada, acha meseji. Bitwarden ya bure inaruhusu watu wawili kushirikiana. Mkibadili nenosiri, na yeye analiona jipya. Google nayo inaruhusu kushirikisha mtu mliyemuunga kwenye kundi la familia.

Mzee wa Igoma: PIN ya M-Pesa niiweke humo?

Jibu: Shikamoo mzee. Hapana. Unaiandika mwenyewe kwenye menyu, kwa hiyo programu haikupunguzii kazi. Ikae kichwani.

Kijana Nyegezi: Nikisahau nenosiri kuu la Bitwarden?

Jibu: Wao hawalijui, hawawezi kukurudishia. Kama simu bado inafunguka kwa kidole, usitoke kwenye akaunti! Nakili manenosiri moja moja kwanza, ndipo ufute akaunti uanze upya.