Kukokotoa Ukinzani na Nguvu ya Umeme kwa Vipimo Viwili

Baada ya magharibi, wakati nyumba nyingi za Ngamiani, mjini Tanga, zimewasha pasi, feni na friji kwa pamoja, birika la umeme lililochemsha maji upesi mchana huanza kuchelewa, na mwenyewe hukimbilia kusema kuwa limekwisha. Kabla ya kulipeleka kwa fundi, inafaa kupima volteji (msukumo wa umeme) na mkondo (kiasi cha umeme kinachopita), kwa sababu hayo mawili yakijulikana, ukinzani na nguvu hupatikana kwa kugawanya na kuzidisha tu.

Kanuni ya ukinzani, yaani jinsi chombo kinavyouzuia mkondo, aliitangaza Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827. Ukinzani, unaopimwa kwa omu, ni volteji ikigawanywa kwa mkondo: R = V ÷ I. Nguvu, inayopimwa kwa wati, ni volteji ikizidishwa kwa mkondo: P = V × I. Volteji iwe katika volti na mkondo katika ampea; mita ikionyesha miliampea, gawanya kwanza kwa 1,000.

Hesabu ni nyepesi. Kazi iko kwenye kupima. Volteji ipimwe birika likiwa limewashwa, na ipimwe pale pale linapochomekwa, maana volteji ya soketi isiyo na mzigo haikuambii chochote kuhusu birika linalofanya kazi. Mkondo usiupime kwa kuweka mita kwenye ampea na kuchomeka ncha zake ndani ya soketi, kwani hapo mita haina ukinzani wa kutajika na utakuwa umepiga shoti kwa mikono yako mwenyewe. Tumia mita ya klampu, ile yenye taya, na taya zizunguke waya mmoja tu. Zikizunguka waya wa moto na wa nyutro kwa pamoja, mikondo inayokwenda na kurudi hufutana na mita husoma sifuri. Kuzitenganisha waya hizo ndani ya kebo ni kazi ya fundi, umeme ukiwa umezimwa, kwa kuwa volti 230 zinaua.

Tuchukue birika lililoandikwa wati 2,000 kwa volti 230. Kwa maandishi hayo, mkondo wake ni 2,000 ÷ 230, yaani ampea 8.7, na ukinzani wake ni 230 ÷ 8.7, takribani omu 26.4. Sasa tuseme jioni umesoma volti 200 na ampea 7.6. Ukinzani ni 200 ÷ 7.6, yaani omu 26.3, ambao ni uleule kwa kukadiria, kwa hiyo koili, yaani waya wa ndani unaotoa joto, ni nzima na birika halina kosa. Nguvu, hata hivyo, ni 200 × 7.6, yaani wati 1,520. Volteji imepungua kwa asilimia 13 lakini nguvu imepungua kwa takribani robo, kwa sababu volteji ikishuka huushusha na mkondo pamoja nayo.

Hesabu hii inavifaa vyombo vya joto kama birika, pasi na jiko la koili. Balbu ya waya wa kung'aa ya wati 60 ina ukinzani wa omu 882 ikiwaka, ila ukiipima ikiwa baridi utapata takribani moja ya kumi ya hapo au pungufu. Friji nayo ina mota, na kuzidisha volteji kwa mkondo wake hukupa namba kubwa kuliko wati inazotumia kweli.

Turudi kwenye birika, maana volti 200 hizo zimesomwa mwisho wa ekstensheni. Ukiacha birika likiwaka na kupima kwenye soketi ya ukutani, ukakuta volti 212, basi volti 12 zimepotelea njiani. Ekstensheni nayo ina ukinzani wake: 12 ÷ 7.6 ni takribani omu 1.6, na nguvu inayopotea humo ni 12 × 7.6, yaani wati 91. Unaweza kuuthibitisha upotevu huo kwenye mita ya LUKU. Zima vyombo vingine vyote, kisha tazama kitaa kinachopepesa. Ikiwa mita imeandikwa mipepeso 1,600 kwa yuniti, mipepeso 10 ni sawa na jouli 22,500 za nishati, na wati moja ni jouli moja kwa sekunde. Ikichukua sekunde 14, nguvu ni 22,500 ÷ 14, yaani wati 1,607. Toa 1,520 za birika, nazo 87 zilizobaki ndizo joto la ekstensheni, na unazilipia kama zilizochemsha maji.

Kwa sababu hiyohiyo umeme wa kituo cha kufua umeme cha Hale huja Tanga kwa kilovolti 132: volteji ikiwa kubwa, mkondo huwa mdogo, na mkondo ukipungua kwa nusu, upotevu kwenye nyaya hubaki robo.

Omu 1.6 ni nyingi mno kwa ekstensheni ya mita 5, na mara nyingi haziko kwenye waya wenyewe. Hewa ya chumvi ya pwani hula shaba na skrubu polepole. Fungua plagi ikiwa imechomolewa: utaona ukungu wa kijani kwenye ncha za waya, skrubu iliyolegea, na plastiki iliyogeuka kahawia upande mmoja, upande uleule uliokuwa wa moto ulipoushika. Kata ncha iliyooza, menya waya mpya, kaza skrubu, kisha pima tena. Ikiwa ukutani bado ni volti 212 na mwisho wa ekstensheni sasa ni 209, mkondo utakuwa 209 ÷ 26.3, yaani ampea 7.95, ekstensheni imebaki na omu 0.38, na birika lilelile sasa linapata wati 1,660.