Ndugu yako yuko Marekani, anatishwa na serikali ya nje? Fanya hivi

Tuseme wewe uko Makorora hapa Tanga, shemeji yako mkimbizi yuko Houston, anapost siasa za nchi aliyotoka, mara namba ngeni inakupigia wewe: mwambie anyamaze, la sivyo mtaona. Usidhani ni utani. FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, wanahesabu kutisha ndugu waliobaki nyumbani kuwa sehemu ya mchezo huohuo wa serikali kuwabana watu wake walioko nje, sawa na kumfuatilia mtu au kumlazimisha arudi.

Namba usiiblock kwanza, voice note usifute hata kama ni matusi matupu. Piga skrinshoti namba ionekane na tarehe ionekane. Halafu saa, hapa wengi tunachemka: ukiandika "kapiga saa mbili usiku" mtu wa kule anaelewa usiku wa manane, kwa hiyo andika 20:00 saa za Tanzania, basi, Houston wapo nyuma yetu saa 8 au 9 kutegemea msimu.

Shemeji naye asikae kungoja sheria yenye maneno "serikali ya nje". Kule jinai nyingi ni za jimbo, na majimbo yote 50 yana sheria dhidi ya kumwandama mtu, California ndo ilianza 1990. Za vitisho vya nje zenyewe bado ni vipande vipande: Texas, jimbo lenye Houston, gavana Abbott aliamuru Novemba 2024 polisi wa jimbo wawasake wanaotumwa na China kuwabana watu warudi, ila California bunge lilipitisha 2025 muswada wa kuwafunza polisi kuvitambua, gavana Newsom akaugomea. Kwa hiyo askari wa kaunta anaweza asielewe kitu. Aanze na tukio, nani kamfuata, wapi, kasema nini, siasa baadaye, na asiondoke bila namba ya ripoti. Hatari ya papo hapo ni 911. FBI ni 1-800-225-5324 au tips.fbi.gov, hiyo fomu hata wewe unajaza ukiwa Tanga.

Na mialiko jamani! Paul Rusesabagina, mkosoaji wa serikali ya Rwanda, alikuwa anaishi San Antonio, Texas, 2020 akapanda ndege binafsi Dubai akijua anaenda Burundi, ikatua Kigali, akakamatwa, akaja kuachiwa 2023. Shemeji akialikwa popote muulize tiketi kalipa nani na inapita wapi, akikosa jibu asipande.