Majani ya maboga: menya nyuzi kwanza

Masika yakishakolea, majani ya maboga hujaa sokoni na bei ya fungu hushuka. Chukua machanga, yale ya kwenye ncha za mtambaa. Kazi yenyewe iko kwenye kumenya: vunja ncha ya kikonyo, kisha vuta taratibu kuelekea kwenye jani, uzi mgumu utatoka pamoja na ngozi yake. Ukiruka hatua hii mboga itakukwaruza koo hata uichemshe hadi jioni. Osha kabla ya kukata, si baada, maana vitamini C huyeyuka na kwenda na maji.

Kaanga kitunguu na nyanya, tia majani, chumvi na tui jepesi, upike dakika 10 hivi. Tui zito lije mwisho, moto mdogo, ukikoroga bila kuacha. Likichemka kwa nguvu litakatika. Nazi ikiwa ghali, tumia karanga zilizosagwa, ila zivuruge kwanza kwa maji ya uvuguvugu zisifanye madonge. Mimi karanga ndizo nazipenda zaidi (watu wa Pwani mtanisamehe). Magadi usitie: yanalainisha haraka, lakini yanaharibu vitamini C na B1.

Mwenye mboga shambani aongeze na maua. Chuma yale yasiyo na kiboga kidogo chini yake. Hayo ni ya kiume, hayazai. Bakiza machache tu kwa ajili ya nyuki.