Soma LUKU kabla ya kununua kompyuta mpya

Nahudumia kompyuta 12 za SACCOS moja hapa Moshi. Ukitaka ofisi yako ipunguze mzigo inaoutwika mazingira, anza na kazi isiyo na gharama. Jioni, wa mwisho akitoka, andika yuniti zilizobaki kwenye LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Asubuhi, kabla mtu hajawasha kitu, soma tena. Zilizopungua zimeliwa na ofisi tupu.

Kwetu zilipungua zaidi ya 15 kwa usiku mmoja. Kompyuta ya mezani na skrini yake, ikiachwa inawaka bila kazi, hula kama wati 80. Kuanzia saa 11 jioni hadi saa 2 asubuhi ni masaa 15, yaani yuniti 1.2. Zidisha mara 12, unapata 14.4. Zilizobaki ni za ruta na taa ya mlinzi.

Nikamuuliza mama mhasibu kwa nini hazimi. "Mwanangu, hii ikizimwa, asubuhi wanachama wananisubiri mpaka iwake." Kompyuta yake ilichukua dakika saba kuwaka. Kumbe dawa haikuwa tangazo ukutani. Nilitoa diski ngumu ya zamani, nikaweka SSD (diski ya kisasa yenye kasi) na kuongeza RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi), nikapuliza vumbi kwenye feni. Sasa inawaka chini ya dakika moja, na anaizima mwenyewe hadi kwenye swichi ya ukutani. Mchana, weka mashine ilale baada ya dakika 15. Zile picha zinazoelea kwenye skrini haziokoi umeme.

Usikimbilie mpya. Sehemu kubwa ya hewa ukaa ya kompyuta mpakato hutoka kiwandani, kabla hujafungua boksi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na nimeona mashine zisizo na ubovu wowote zikiwekwa stoo kwa sababu hiyo. Kama programu yenu hufunguka kwenye kivinjari, jaribu kwanza Linux, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows.

Iliyokufa kweli usiipeleke dampo. Betri ya UPS (kifaa kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika) ina madini ya risasi na asidi, na nyaya zikichomwa ili kupata shaba hutoa moshi wa sumu. Futa data kwenye diski, kisha tafuta mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye kibali cha NEMC, baraza la taifa la mazingira. Mdai hati ya makabidhiano yenye namba ya kila mashine, uitunze kwenye faili la mali za ofisi.