Kumwandikisha mtoto mashindano ya kuskeiti Kisumu: anza na tarehe ya umri, wimbo baadaye

Wazazi wa Nakuru, Eldoret, Kakamega na Kisumu kwenyewe, hii nawaandikia nyinyi. Agosti iliyopita nilimpeleka binti yangu Kisumu kwa mashindano ya kuskeiti kisanaa na kuna kitu kimoja nililipia mara tatu, na kingine karibu kimvunje mtoto moyo mbele ya watu, na vyote viwili vingezuilika kama kuna mzazi angenikalisha chini aniambie mapema. Nikisema kisanaa namaanisha ile ya kuruka, kuzunguka na kucheza na muziki, siyo mbio. Huku kwetu hatuna barafu, watoto wetu wanatumia skeiti za magurudumu manne na wanafanyia mazoezi kwa simenti na lami, lakini miruko mingi ni ileile ya barafuni, majina mengi ni yaleyale, na sheria nyingi waandaaji wanazitoa hukohuko.

Fomu yenyewe si ngumu. Unaipata kwa kocha au unatumiwa kwa WhatsApp, unajaza jina, shule, namba ya mzazi, unasaini pale kwa ruhusa ya mzazi, unaambatisha kopi ya cheti cha kuzaliwa, barua ya kocha na karatasi ya kliniki kwamba mtoto yuko sawa kucheza. Jina liandikwe venye liko kwa cheti cha kuzaliwa, usiweke lile la nyumbani. Karatasi ya kliniki usiitafute mapema sana, waandaaji wetu walikataa ya zaidi ya miezi mitatu na kuna mama alirudishwa nayo.

Sasa kuja kwa umri, na hapa tafadhali soma polepole.

Binti yangu alizaliwa tarehe 19 Julai. Mashindano yalikuwa Agosti, kwa hivyo siku ya mashindano angekuwa ametimiza miaka 12, na kulikuwa na kundi la chini ya 12 na kundi la 12 hadi 14. Mimi nikahesabu venye mtu yeyote angehesabu, nikatia tiki kwa 12 hadi 14. Nyuma ya fomu, mstari wa chini kabisa, herufi ndogo, walikuwa wameandika kwamba umri unahesabiwa kufikia tarehe 1 Julai. Hiyo 1 Julai si wao wameitunga, ndiyo tarehe inayotumika kwenye mashindano ya kimataifa ya skeiti ya barafu kupanga vijana kwa umri. Na 1 Julai binti yangu alikuwa bado na miaka 11. Kundi lake lilikuwa chini ya 12.

Unaweza kudhani ni tiki tu, unafuta unaweka nyingine. Hapana. Kundi ndilo linaamua urefu wa wimbo, ndilo linaamua miruko mingapi mtoto anaruhusiwa, ndilo linaamua ada. Chini ya 12 walikuwa na dakika 2, kuzidi au kupungua sekunde 10. 12 hadi 14 walikuwa na dakika 2 na nusu, pia na sekunde 10 hivyohivyo. Mimi nilikuwa nishapeleka wimbo kwa kijana wa studio hapa mjini Nakuru, nishalipa 700, umekatwa ukakaa dakika 2 na sekunde 34, mtoto ameufanyia mazoezi wiki tatu, ndio fomu inarudishwa niambiwe kundi si lake. Kwa hivyo kabla hujachagua wimbo, kabla hujalipa mtu yeyote kitu chochote, tafuta ile tarehe ya kuhesabia umri, na kama haiko kwa fomu pigia waandaaji uulize: umri unahesabiwa kufikia lini? Swali ni hilo tu, na wakijibu waombe wakuandikie kwa meseji.

Haya, wimbo. Nikarudi studio na karatasi nimeandika kwa kalamu, isizidi dakika 2 na sekunde 10. Kijana akakata vizuri kabisa, dakika 2 na sekunde 10 kamili, nikalipa tena 700. Jioni binti yangu anaufanyia mazoezi nikaona amesimama katikati anaangalia spika. Wimbo umeisha na yeye hajafika kwa mzunguko wake wa mwisho.

Niwaelezee huo wimbo ndio muelewe. Ni nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Waluo. Unaanza na nyuzi peke yake, sekunde sita hivi, na hizo sekunde sita mtoto amesimama tu ameinamisha kichwa mkono mmoja uko juu, halafu zile njuga za mguuni, gara, zinaingia na hapo ndipo anaanza kusonga. Mwisho nyuzi zinakimbia haraka haraka na yeye anazunguka mpaka zinakatika ghafla, na anasimama hapohapo na ile sauti. Hiyo sehemu aliichagua yeye mwenyewe, mimi sikumwambia kitu. Na kijana wa studio, sababu nilimwambia dakika 2 na sekunde 10, alikata hapo mwisho.

Kocha ndiye alinifungua macho. Muda wa mchezo hauhesabiwi toka wimbo uanze kulia. Unahesabiwa toka mtoto aanze kusonga mpaka asimame kabisa. Zile sekunde sita za nyuzi amesimama kama sanamu hazihesabiwi, kwa hivyo wimbo wangeweza kuuacha dakika 2 na sekunde 16 na bado tuko ndani ya sheria. Nikarudi mara ya tatu, 700 nyingine, ule mwisho ukarudishwa. 2,100 kwa wimbo mmoja, na siyo kosa la yule kijana, yeye alikata venye niliagiza. Wewe mzazi chukua simu, mpige mtoto video akicheza wimbo wote, halafu hesabu mwenyewe toka mguu wa kwanza usonge mpaka asimame, na hiyo ndiyo namba unampelekea mtu wa studio. Na usichukulie muda kirahisi, kwenye mashindano ya kimataifa ya barafu kila sekunde 5 zinazozidi au kupungua zinakatwa pointi 1, na pointi 1 kwa mtoto wa chini ya 12 ni kubwa kuliko miruko yake kadhaa.

Wengine waliniuliza kama wimbo wenye maneno unakubaliwa. Unakubaliwa, hata barafuni waliruhusu tangu msimu wa 2014, ila maneno yawe ya kusikizwa na watoto.

Kuna karatasi ya pili inakuja na fomu, ile ya kuorodhesha atakachofanya mtoto kwa mpangilio. Usiijaze wewe, mwachie kocha, lakini kaa kando yake uelewe, sababu siku ya mashindano wewe ndiye utaulizwa. Utaona majina kama Salchow na Axel, hayo ni majina ya watu, Ulrich Salchow wa Sweden na Axel Paulsen wa Norway, kila mmoja aliuanzisha mruko wake zaidi ya miaka mia iliyopita, kwa hivyo herufi zake hazibadilishwi. Angalia sana Axel. Ndio mruko pekee mtoto anaondoka akiangalia mbele na kutua akiangalia nyuma ambao unahesabiwa mzunguko mmoja na nusu, na kuna mwingine unafanana nao kabisa kuanza, ila ni nusu mzunguko tu. Watoto wetu wengi wanafanya ule wa nusu. Ukiandikwa Axel kwa karatasi na mtoto hafanyi Axel, haongezewi kitu, majaji wanahesabu walichokiona kwa macho. Vilevile mtoto akibadilisha mruko katikati sababu amepoteza balansi, mwambie asiogope, ile karatasi ni mpango tu.

Ada unalipa kwa Paybill na hapo nawaomba kitu kimoja, pale kwa namba ya akaunti weka jina la mtoto na kundi, usiweke jina la klabu. Wazazi watano wa klabu yetu waliweka jina la klabu na pesa ziliingia zote lakini hakuna aliyejua ni ya mtoto gani, ikabidi kila mtu atume ile meseji ya M-Pesa yenye namba ya malipo, mmoja mmoja. Usiifute hiyo meseji mpaka urudi nyumbani.

Kutuma wimbo ndio hatua nilidhani ni ya dakika moja. Waandaaji walitoa namba ya WhatsApp wakasema tumeni nyimbo hapo. Nikatuma kama watu wote wanavyotuma, nikaona zile alama mbili, nikamaliza. Kitu sikujua ni kwamba ukituma wimbo kama muziki wa kawaida, WhatsApp inaweza kuubadilisha jina, unaingia kwa simu ya mwenzako ukiitwa AUD halafu tarehe halafu namba. Sasa fikiria watoto arubaini, nyimbo arubaini, zote zinaitwa AUD.

Siku yenyewe binti yangu aliitwa jina, akaingia, akafika katikati, akainamisha kichwa, akainua mkono. Nilikuwa nimeshika jaketi yake kifuani. Ukalia wimbo wa piano. Hakusonga. Mkono ukabaki juu, vidole vinatetemeka nikaviona toka nilipokaa, na macho yake yakanitafuta kwa zile siti za wazazi bila kugeuza kichwa. Piano ikaendelea pengine sekunde kumi na hakuna mtu alifanya chochote. Halafu akashusha mkono, akaskeiti polepole mpaka kwa meza ya mwamuzi mkuu, nikasikia anasema, "Mwalimu, samahani, huu si wimbo wangu." Yule mwamuzi akasimamisha kila kitu. Dada wa meza ya muziki akafungua faili moja baada ya nyingine mpaka nyuzi za nyatiti zikasikika, na mtoto akarudi katikati akaanza upya.

Alijua cha kufanya sababu kocha alikuwa amemfundisha, na hili mfundisheni mtoto wenu kabla ya kitu kingine chochote: wimbo ukiwa si wako au sauti imeharibika, usianze kusonga, nenda kwa mwamuzi mkuu, mwambie kwa heshima. Hata kwenye sheria za barafu mchezaji anatakiwa kumjulisha mwamuzi mapema, ndani ya sekunde chache za kwanza, kama muziki una shida, ndio aruhusiwe kuanza upya. Akishaucheza wimbo wa mwenzake mpaka mwisho hakuna wa kumsaidia.

Na nyinyi wazazi fanyeni hivi. Badilisha jina la faili kabla ya kutuma, weka jina la mtoto, kundi na klabu. Kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, siyo kama muziki, ndio lile jina lako lifike bila kubadilika. Halafu weka kopi kwa flashi, flashi iwe na wimbo huo mmoja tu, na kopi nyingine kwa simu, na ukifika asubuhi nenda kwa meza ya muziki uombe wakuchezee sekunde tano uusikie kwa masikio yako. Mimi sikuenda, niliona nitawasumbua. Wasumbue.

Kuhusu sakafu, ulizeni mkiandikisha, msingoje mfike. Wetu wa Nakuru wamezoea nje, na magurudumu ya nje ni laini, pale kwa gurudumu utaona namba kama 78A au 82A, ikipanda ndio gurudumu linazidi kuwa gumu. Kisumu ilikuwa ndani ya ukumbi, sakafu laini inateleza vizuri, na watoto waliokuwa na magurudumu magumu ya 90 na kitu walikuwa wanapepea, wetu wakawa kama wanaskeiti kwa matope. Kuna klabu inaweza kuwaazima, lakini mjue mapema mtoto ayafanyie mazoezi hata siku tatu, sababu mzunguko unabadilika kabisa. Bebeni spana pia, na skuru za ziada, na ile raba ya mbele ya kusimamia.

Kama mnatoka Nakuru, ondokeni siku moja kabla. Ni masaa manne hivi kupitia Mau Summit na Kericho, lakini ukungu wa Kericho asubuhi unaweza kuwachelewesha, halafu mkiteremka Ahero joto linawapokea na mtoto aliyetoka na sweta anafika amechoka. Mazoezi ya kuzoea ukumbi yalikuwa saa moja na nusu asubuhi na waliokuja na matatu za alfajiri waliyakosa yote. Walikuwa wanaingiza watoto sita sita kupasha mwili, kwa hivyo mtoto akikosa kundi lake hakuna nafasi nyingine.

Akimaliza, usiondoke bila karatasi ya alama. Wanazibandika ukutani, zipige picha zote, kila mstari, sababu kocha atazihitaji na jioni zinatolewa. Yetu ilionyesha alianguka mara moja na kwamba ule mzunguko wa mwisho ndio ulimpa alama nyingi kuliko kila kitu kingine alichofanya.

Ile kadi ya shingoni waliyompa mtoto asubuhi irudisheni, mliilipia diposti ya 200, na meza ya kurudishia ilifungwa saa kumi na moja jioni.