Surf ya V6 otomatiki: gia zishike vizuri, giaboksi idumu

Hapa nazungumzia Toyota Hilux Surf ya petroli, injini 3VZ-E, giaboksi ya A340 yenye solenoidi (valvu za umeme). Ukiona injini inanguruma lakini gari halivuti wakati gia inabadilika, ujue sahani za klachi zinateleza. Kuteleza huko ndiko kunakoziunguza.

Anza na oili ya giaboksi. Chomoa dipstiki yake, nusa. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, ishia hapo: giaboksi ifunguliwe, kwa sababu kuongeza presha ya oili hakufufui sahani zilizokwisha. Ikiwa bado nzuri, imwage, shusha sampu (sinia la oili chini ya giaboksi), badilisha chujio na ufute sumaku iliyomo. Unga laini wa kijivu usikutishe. Vipande vya chuma ndivyo vya kuogopa. Bolti za sampu zikazwe Nm 7 tu. Jaza oili ya otomatiki, Dexron II au III, kisha rudia kumwaga baada ya siku chache, maana oili nyingi hubaki ndani ya tokonveta, kile kiunganishi cha oili kati ya injini na giaboksi.

Sasa kebo inayotoka kwenye throto (mlango wa hewa wa injini) kwenda giaboksi. Wengi hudhani inapanga gia ibadilike lini. Kwenye giaboksi hii hiyo ni kazi ya kompyuta. Kebo inapanga presha ya oili, yaani klachi zibanwe kwa nguvu kiasi gani. Zima injini, mwenzako akanyage mafuta mpaka mwisho, hakikisha throto imefunguka yote. Pima kutoka ncha ya mpira wa kebo hadi kizuizi kilichobanwa kwenye waya: iwe mm 0 hadi 1. Ikiwa imelegea, fungua nati mbili za kwenye breketi na urudishe ala (ganda la nje) ya kebo nyuma, mbali na throto, kidogo kidogo. Mimi huishia mm 1. Zamani niliwahi kumvutia mteja zaidi ya hapo kwa sababu aliomba gia “kali”. Akarudi gari linampiga teke hata kwenye foleni, nikairudisha. (Magari mengine hupimwa pedali ikiwa imeachiwa, fuata kitabu cha gari lako.)

Mwisho, joto. Kama unapanda mlima mkali kama Kitonga na mzigo, funga kipozeo cha oili mbele ya rejeta, kwenye hozi inayorudi giaboksi baada ya kupita rejeta. Tumia hozi za oili. Za maji zitalainika na kupasuka.

Endesha mpaka oili ifike nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi. Injini ikiunguruma taratibu, pitisha gia zote kutoka P hadi L na kurudi P, ndipo usome dipstiki kwenye alama za oili ya moto (HOT).