Namna ya kutafuta palipokuwa nyumba ya zamani Dar es Salaam, 1919–1939

Kijana mmoja wa ukoo wetu aliniletea bahasha ya barua aliyoandikiwa babu yake miaka ya 1930, yenye namba na anwani ya New Street, akiomba nimwonyeshe ilipokuwa nyumba. Alikuwa amekwisha kuulizia "Mtaa Mpya" Kariakoo nzima kwa wiki moja bila mafanikio. Nimeandika mwongozo huu kwa utaratibu tuliofuata.

Hatua ya 1. Nakili anwani herufi kwa herufi, wala usiitafsiri.

Hatua ya 2. Tambua jina la sasa la mtaa. Hapa ndipo wengi hupotea, nami nilipotea. Mji huu ulibatizwa mara tatu: na Wajerumani, na Waingereza waliouteka mwaka 1916, kisha na sisi wenyewe baada ya uhuru. Unter den Akazien ya Wajerumani ikawa Acacia Avenue, ikawa Independence Avenue, na leo ni Samora. Kichwele ni Uhuru. New Street ni Lumumba, na ukimtajia mzee wa Kariakoo ofisi ya African Association, chama kilichoanzishwa mwaka 1929, au mahali ilipozaliwa TANU mwaka 1954, atakupeleka huko bila kuuliza jina la mtaa.

Ukishalipata jina, tazama namba kwa uangalifu. Namba ya kiwanja na kitalu si namba ya mlangoni, na karatasi za zamani mara nyingi hazisemi ni ipi. Niliwahi kupoteza siku mbili nikiihoji familia isiyohusika, iliyonivumilia kwa chai na maandazi, kwa sababu nilisoma namba ya kiwanja nikidhani ni ya nyumba. Tangu hapo sikubali namba yoyote isiyoungwa mkono na karatasi ya pili, iwe risiti ya kodi au hati ya kiwanja.

Jihadhari pia na majina yanayohama. Hospitali ya Sewa Haji, iliyowatibu Waafrika wa mji huu kipindi chote hicho, haikuwa Muhimbili, ingawa jengo la Sewahaji leo utalikuta huko; hospitali ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 1956 ikiitwa Princess Margaret. Kariakoo nayo imelihifadhi jina la Carrier Corps, wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza waliopigishwa kambi hapo, muda mrefu baada ya kambi yenyewe kutoweka.

Hatua ya 3. Kama una picha, ipe umri kabla ya kuiamini. Picha ya Mnara wa Askari ni kipimo kizuri, ila ina mtego: sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, iliyowekwa na Wajerumani nayo ilikuwa na askari. Tazama nani yuko juu. Akiwa Mzungu amesimama juu na askari yuko chini yake, penye simba aliyekufa, hiyo ni picha ya enzi za Wajerumani. Akiwa askari peke yake, ameelekeza singe bandarini, ni ya mwaka 1927 au baadaye.

Hatua ya 4. Nenda Nyaraka za Taifa, Upanga, na pitia matoleo ya Mambo Leo, gazeti la Kiswahili la serikali ya kikoloni lililoanza mwaka 1923.

Hatua ya 5. Tembea kwa miguu. Mimi hutumia karatasi nyembamba ya kunakilia, nikaichora mitaa ya ramani ya zamani na kuilaza juu ya ramani mpya ya kipimo kilekile. Ramani ya simu siitaki kwa kazi hii, kwani kila ukiivuta kipimo hubadilika.

Kwenye kiwanja cha babu tulikuta ghorofa lenye maduka ya vitenge chini. Kijana alitoa kalamu aandike "Lumumba" kwenye bahasha. Nikamzuia, nikampa karatasi nyingine.